Nilimpeleka mama kwenye kasri la wafalme Beijing: makosa yangu na gharama zake

Mama yangu alifundisha historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila mwaka aliwapeleka wanafunzi wake Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kuyaona makaburi ya kale yenye nguzo ambazo mafundi wa zamani walizipamba kwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China. Vyombo vingi vilikwisha kung'olewa, vikabaki vishimo vya duara kwenye chokaa, na mama alikuwa akiwasimamisha wanafunzi mbele ya vishimo hivyo na kuwauliza chombo kilichokaa pale kilivuka bahari ngapi kabla ya kufika. Nilipopata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili mjini Wuhan, aliniomba jambo moja tu: siku atakapokuja kunitembelea, nimpeleke Beijing akavione vyombo vya namna ile vikiwa vizima. Mimi nilishika neno Beijing, nikayaacha yale mengine yapite, na karibu kila kilichotuharibikia baadaye kilianzia hapo.

Naandika haya kwa sababu wenzangu wanaosoma China wameanza kuwaalika wazazi wao, nao huniuliza namna ya kuyatembelea makasri na makumbusho ya mji huo. Nimeona ni heri nieleze safari nzima, pamoja na fedha na siku nilizozipoteza, kuliko kuwapa orodha ya sehemu nzuri.

Kosa la kwanza nililifanya miezi mitatu kabla, nikiwa bwenini. Nilimkatia mama tiketi ya ndege ya kufika mwishoni mwa Septemba 2023, ili kukaa kwake kuangukie likizo ya sikukuu ya taifa la China inayoanza tarehe 1 Oktoba, kwa kuwa ndiyo siku ambazo sikuwa na vipindi. Sikufikiri kwamba nchi nzima ilikuwa likizo pamoja nami, na kwamba familia kutoka kila jimbo huzitumia siku hizo hizo kwenda kuuona mji mkuu wao. Tiketi za treni ya mwendokasi kutoka Wuhan hadi Beijing, safari ya saa tano hivi inayogharimu zaidi ya yuan 500 kwa kila mtu, zilinichukua siku mbili kuzipata, na vyumba vya kulala vilikuwa vimepanda bei. Kama una uwezo wa kuchagua, mlete mzazi wako katikati ya Oktoba, likizo ikiwa imekwisha na baridi haijaingia, au mwezi wa Aprili kabla ya sikukuu ya Mei Mosi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilitokana na mazoea. Kasri lenyewe, ambalo Wachina huliita Gugong na ambalo dunia imelizoea kwa jina la Mji Uliokatazwa, nilidhani tiketi yake hukatwa langoni, kama tunavyofanya pale Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Nilikuwa nimekwisha kujiandikisha mapema kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya China, kwa sababu mwanafunzi mwenzangu aliniambia kuwa kuingia ni bure lakini hakuna anayeingia bila jina lake kuwemo. Mahali pa kulipia nikaona fedha inatosha.

Fedha haitoshi. Tiketi za Gugong huuzwa kwa njia ya mtandao, kwa jina na namba ya pasipoti ya kila mgeni. Hufunguliwa siku saba kabla ya siku ya kuingia, saa 2 usiku kwa saa za Beijing, na idadi ya watu wa kila siku ina kikomo. Siku za likizo tiketi humalizika katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Bei yenyewe si kubwa: yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba, na yuan 40 kuanzia Novemba hadi Machi. Siku ya Jumatatu kasri hufungwa, isipokuwa Jumatatu ikiangukia sikukuu ya kitaifa.

Haya yote niliyajua tarehe 3 Oktoba asubuhi, nikiwa nimesimama na mama kando ya handaki la maji linalolizunguka kasri, upande wa mashariki, mbele ya uzio ambao askari aliwapitisha wenye tiketi peke yao. Handaki hilo lina upana wa mita 52, na ng'ambo yake ukuta wa mita 10 unakuzuia usione chochote zaidi ya pembe za mapaa ya njano. Mama hakusema neno. Alikaa kwenye ukingo wa mawe akajifunga vizuri mtandio wake, na ukimya ule uliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Hapo ndipo alipotufikia kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, aliyezungumza Kiingereza kizuri, akasema anaweza kutupatia ziara ya kasri siku ile ile kwa yuan 300 kila mmoja. Wachina wanao msemo kwa walanguzi wa aina hii: huwaita huangniu, yaani ng'ombe wa njano. Msemo huo niliujua tangu mwaka wangu wa kwanza, na bado nililipa, kwa sababu mama alikuwa amekaa juu ya jiwe na mimi niliona aibu. Yuan 600 wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi laki mbili za Tanzania. Kijana alituzungusha nyuma ya ukuta hadi upande wa kaskazini, akatuingiza katika bustani ya Jingshan, ambayo tiketi yake ni yuan 2, akatuonyesha ngazi za kilima na kutuambia kwamba ziara inaanzia juu. Tulipofika juu hakuwepo tena.

Nataka niseme kwa haki kwamba kilima kile kinastahili kupandwa, ila kwa yuan 2. Kilitengenezwa kwa udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya kasri, na ukisimama kileleni unaliona kasri lote likiwa chini yako, hekta 72 za mapaa ya njano yaliyopangwa sawasawa kuanzia kaskazini hadi kusini. Ujenzi wake ulianza mwaka 1406 na kukamilika mwaka 1420, kwa amri ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming aliyehamisha mji mkuu kutoka Nanjing. Wafalme 24 walikaa humo hadi mwaka 1912, na wa mwisho wa nasaba hiyo ya Ming alijinyonga kwenye miteremko ya kilima hicho hicho mwaka 1644, waasi walipouingia mji. Mama aliyajua hayo kuliko mimi, akanisimulia tukiwa tumesimama katikati ya umati wa watu wanaopiga picha. Bei niliyolipa sikumwambia mpaka usiku. Aliponisikiliza alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine uniulize. Mimi ningeweza kungoja."

Usiku ule ule, saa 2 kamili, nilikuwa nimeshika simu mbili mkononi na nikafanikiwa kupata tiketi mbili za tarehe 10. Ushauri wangu kwa sehemu hii ni mfupi: andika majina na namba za pasipoti za wageni wako kwenye programu tangu mchana, zikae tayari, ili saa ikifika ubaki na kubonyeza na kulipa tu. Mgeni asiye na namba ya simu ya China amwombe mwanafunzi au mwenyeji amfanyie. Na hakikisha malipo ya simu yamekwisha kuunganishwa na kadi ya benki kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kwenye vioski vingi vya Beijing noti huwa usumbufu kwa muuzaji na kwako.

Tarehe 5 tulikwenda Makumbusho ya Taifa, upande wa mashariki wa uwanja wa Tiananmen. Tulipita ukaguzi wa kwanza bila tatizo, lakini langoni pasipoti ya mama ilikataliwa mara tatu. Niliitazama simu yangu, nikaitazama pasipoti, mwili ukaniishia nguvu: nilikuwa nimeandika namba ya pasipoti yake ya zamani, kutoka kwenye picha aliyonitumia miaka kadhaa nyuma nilipokuwa naomba barua ya mwaliko. Mhudumu alikuwa mpole lakini hakuwa na la kufanya, nafasi za siku ile zilikuwa zimejaa. Tulirudi kama tulivyokuja. Mwombe mzazi wako picha mpya ya pasipoti anayosafiria nayo, na usome namba hiyo kwa sauti huku mtu mwingine akiifuatilia kwa macho. Tulirejea tarehe 11, likizo ikiwa imekwisha, tukaingia ndani ya dakika chache. Jengo hilo lina eneo la karibu mita za mraba 200,000 na mtu hawezi kulimaliza kwa siku moja. Sisi tulichagua ghorofa ya chini ya ardhi yenye historia ya kale, ambako mama alisimama muda mrefu mbele ya chungu kikubwa cha shaba nyeusi chenye miguu minne, cha enzi za nasaba ya Shang, chenye uzito wa zaidi ya kilo 832, kilichofukuliwa Anyang mwaka 1939.

Siku zilizobaki katikati tuliziendea sehemu ambazo tiketi zake zilipatikana kwa urahisi zaidi. Hekalu la Mbingu lilitupa amani kubwa, kwa kuwa bustani yake ni pana na wazee wa mjini hufika asubuhi kufanya mazoezi, kuimba na kucheza karata. Ukumbi wake wa duara wenye mapaa matatu ya buluu uliungua kwa radi mwaka 1889 na kujengwa upya, wote ukishikwa na nguzo za mbao 28. Kasri la Majira ya Joto ni la kupangiwa siku nzima, na mwenye mzee aanze upande wa ziwa, kwenye ujia wa mita 728 uliofunikwa kwa paa lenye maelfu ya michoro, ambako kuna kivuli na mahali pa kukaa. Sisi tulianzia lango la kaskazini, kwa kuwa ndilo lililo karibu na treni, tukajikuta tunapanda na kushuka ngazi za mawe kabla hatujaliona ziwa, na magoti ya mama yalivimba. Tarehe 9, Jumatatu, tulipumzika. Tulikwenda mtaa wa Niujie, wenye msikiti ambao asili yake ni mwaka 996, mama akasali adhuhuri humo, na baadaye tukala nyama ya kondoo tukiwa na hakika kwamba ni halali.

Tarehe 10 tuliingia Gugong kwa lango la kusini, Wumen, saa 2:30 asubuhi, milango ilipofunguliwa. Nilikuwa nimejipangia kumwonyesha mama mambo makubwa, nikamwongoza moja kwa moja kwenye mstari wa katikati unaopita kumbi tatu za utawala. Sikujua kwamba wageni hawaingii ndani ya kumbi hizo. Watu husimama mlangoni na kuchungulia, na mbele ya Taihedian, ukumbi mkubwa kuliko yote, palikuwa na safu tano au sita za watu walioinua simu juu. Mama ni mfupi. Alijaribu mara mbili kukiona kiti cha enzi, kisha akanishika mkono akasema tuendelee. Viwanja vya mbele havina mti hata mmoja, mawe ya sakafu yamechakaa na kuinuka pembe, na vizingiti vya milango vinamlazimu mtu kunyanyua mguu hadi kimo cha goti.

Kilichomfurahisha kwenye njia ile ni kitu ambacho wengi walikipita. Nyuma ya ukumbi wa Baohedian, katikati ya ngazi, kuna jiwe moja lililochongwa mazimwi na mawingu, lenye urefu wa zaidi ya mita 16 na uzito wa zaidi ya tani 200. Lilitolewa machimbo ya Fangshan, kusini magharibi mwa mji, na simulizi yake ni kwamba lilikokotwa wakati wa baridi kali, juu ya barabara iliyomwagiwa maji kutoka visima vilivyochimbwa njiani ili maji hayo yagande na kuwa barafu. Mama alitaka kujua ni watu wangapi walikokota, na walilala wapi usiku. Alikuwa akiwauliza wanafunzi wake maswali ya namna hiyo hiyo kuhusu matumbawe ya misikiti ya Kilwa. Aliyaangalia pia mapipa makubwa ya shaba yaliyowekwa maji ya kuzimia moto, akanikumbusha kwamba kumbi hizi ni za mbao, na kwamba zile tatu kubwa ziliungua kwa radi mwaka 1421, miezi michache tu baada ya kuzinduliwa.

Saa 8 mchana tulitoka kwa lango la kaskazini, Shenwumen. Mama alikaa, akanywa maji, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa vyombo viko wapi?"

Nilifungua ramani. Maonyesho ya kaure yako katika ukumbi wa Wuyingdian, upande wa kusini magharibi, hatua chache kutoka lango tulilokuwa tumeingilia asubuhi. Tungeligeuka kushoto baada ya kuingia, tungeyafikia kabla ya saa 3. Lakini ndani ya kasri wageni huelekezwa kutoka kusini kwenda kaskazini, na ukishatoka huruhusiwi kurudi kwa tiketi ile ile. Mlinzi niliyemwendea alitikisa kichwa na kunionyesha barabara. Mama alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 8,000 kwa ajili ya kitu kimoja, nami nilikuwa nimempitisha kando yake huku nikimvuta mkono awahi kwenda kukitazama kiti cha mfalme mabegani mwa watu. Nililia pale pale, na sioni haya kuyaandika.

Kwa kuwa likizo ilikuwa imekwisha, usiku nilipata tiketi mbili zilizobaki za tarehe 12. Nilitoa yuan 120 nyingine, na tukaahirisha treni ya kurudi Wuhan. Kwa yeyote anayemleta mgeni: kabla ya kununua chochote, muulize anataka kuona nini hasa, kisha tafuta kitu hicho kiko upande gani wa kasri, na uanze nacho. Wapenda vito na saa za kale wafahamu kwamba maonyesho hayo mawili yana tiketi zake za ziada, yuan 10 kila moja, na ni vyema zinunuliwe pamoja na ile ya kuingilia.

Tarehe 12 tuliingia tena, tukageuka kushoto, tukavuka daraja dogo la mawe, na ghafla umati ukabaki nyuma yetu. Wuyingdian ilikuwa mahali pa kuchapia vitabu vya kifalme wakati wa nasaba ya Qing, na ua wake una miti na kivuli. Ndani vyombo vimepangwa kwa mfuatano wa enzi. Mama alitoa daftari, akavaa miwani, akaanza mwanzo kabisa, kwenye vyungu vya udongo vya maelfu ya miaka iliyopita, bila kuruka kabati hata moja.

Alipofika kwenye kaure za kijani za Longquan alinyamaza. Rangi ile ya kijani kibichi chenye ukungu ndiyo ya vigae vinavyookotwa kwenye magofu ya Kilwa na ya Gede, pwani ya Kenya. Nilikuwa nimeiona mara nyingi katika vipande vidogo, na sikuwahi kuiona ikizunguka bakuli zima kutoka ukingo hadi kitako. Mbele zaidi tulifika kwenye vyombo vyeupe vyenye michoro ya buluu kutoka Jingdezhen, na hapo mama akanieleza kwamba kobalti bora iliyotoa buluu ile ya mwanzo ililetwa China kutoka Uajemi, hivyo sahani iliyofika pwani yetu ilikuwa imebeba udongo wa nchi moja na rangi ya nchi nyingine. Alinitajia sarafu ya Yongle iliyofukuliwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, mwaka 2013, na twiga aliyepelekwa na watu wa Malindi kwa mfalme huyo huyo mwaka 1415, ambaye Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wao wa heri. Alizungumza kwa sauti ya darasani, taratibu, na wanafunzi wawili wa Kichina waliokuwa karibu walisogea kumsikiliza ingawa sidhani kama walielewa Kiswahili chake.

Tulikaa humo zaidi ya saa tatu. Kila alipochoka alitoka uani, akakaa kivulini, akarudi kabati lile lile alilokuwa ameliacha, nami nikajifunza kumfuata badala ya kumtangulia. Mchana tulitoka kwa lango la mashariki, Donghuamen, ili asiimalize kilomita nzima ya kwenda kaskazini. Kwenye daftari alikuwa amechora mabakuli kumi na moja, na pembeni ya kila mchoro ameandika upana wa kitako kwa kukisia, kwa vidole vya mkono. Alisema atakaporudi atakwenda Kunduchi na daftari hilo, akavipime vile vishimo.